Vipimo vya Stela

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu akaniambia Fundi Ngonyani amefariki. Alilitamka jambo lenyewe kwa sauti ya kawaida. Kesho yake nikapanda basi kwenda Songea kuzika.

Pale msibani, katika mtaa wetu wa Msamala, waombolezaji walikalia viti alivyovitengeneza marehemu mwenyewe, na nyuma ya nyumba banda lake la useremala lilikuwa bado linanuka mninga uliopigwa randa. Kila mtu alikuwa na kisa cha kusimulia juu yake. Mmoja alisimulia mlango, mwingine kitanda cha harusi, mwingine dirisha alilotengenezewa bure baada ya nyumba kuungua. Mimi nilikaa na harufu ile puani, sikusimulia kitu. Kisa changu kilikuwa kirefu, nami nilijua nitalia kabla sijafika katikati.

Mdogo wangu Stela alizaliwa na mtindio wa ubongo. Shingo yake ililegea, mikono na miguu ikakakamaa. Hakuweza kukaa, kutembea wala kusema. Alichoweza ni kucheka. Alicheka mvua ikipiga bati, alicheka jogoo akiingia ndani, alicheka Baba akipiga chafya, na akishaanza hakuacha upesi. Maisha yake yalikuwa mkekani, au mgongoni mwa Mama. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, lakini mtaa mzima ulimwita mama yetu Mama Stela, na hilo liliniuma zaidi ya nilivyoweza kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, Stela sita, siku Mwalimu Anastazia alipobisha hodi kwetu. Sikumjua. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye viatu vilivyojaa tope jekundu, na alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Mama alimkaribisha sebuleni, mimi nikaambiwa nikamenye mihogo jikoni. Jiko letu na sebule vilitenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo nilimenya mihogo na kusikia kila kitu.

"Usiogope, Mama Stela," mgeni alisema. "Mwachie tu. Kule atakuwa na wenzake."

"Hajawahi kukaa hata saa moja na mtu wa nje, mwalimu."

"Kila mama ninayekwenda kwake ananiambia hivyo. Lakini huwezi kumbeba mgongoni milele. Kule watampokea vizuri. Na wewe utapumzika."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu babu yangu azikwe: Mama akilia.

Nikaacha kumenya. Kwa akili yangu ya miaka tisa, kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo watu waliachiwa waende, wakapokelewa, wakawa na wenzao. Nilikuwa nimepasikia kanisani mara nyingi. Na neno kupumzika nililijua kutoka kwenye misalaba ya makaburini, kwa kuwa ndiyo maandishi ya kwanza niliyojifunza kuyasoma mwenyewe nje ya darasa.

Hakuna aliyenieleza chochote. Siku hizo mtoto aliona mambo yakitendeka, akaelewa alivyoweza. Nami nilielewa vibaya, na kila siku iliyofuata ilinithibitishia.

Jumanne, Mama Zuhura, jirani yetu aliyehamia Songea kutoka Tunduru, alikuja na nusu ndoo ya maharage na khanga mpya. Alimfunika Stela ile khanga, akamtazama kwa muda, akasema, "Inshallah, atafurahi huko aendako." Nyuma yake wakaja akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani. Wakaleta unga wa mahindi, mizigo ya kuni, sufuria mbili kubwa, ndoo, sabuni. Vyote vikapangwa kwenye kona ya sebule. Nilikuwa nimeviona vitu hivyo hivyo vikipangwa kwa Bibi, mtaa wa Lizaboni, babu alipofariki, tena na baadhi ya wanawake hao hao. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii walileta kabla.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya alisimama mlangoni akasema, "Jumatatu tutakwenda wote kumsindikiza."

Mama akajibu, "Asanteni. Peke yangu nisingeweza."

Jumatano jioni ndipo alipokuja Fundi Ngonyani. Alikuwa mrefu, mkimya, penseli imekaa nyuma ya sikio. Alimsalimia Baba, akapiga magoti mkekani, akatoa futi kamba mfukoni. Akampima Stela. Kutoka kisogoni mpaka kiunoni, kutoka kiunoni mpaka gotini, kutoka gotini mpaka unyayoni. Akapima upana wa mabega. Stela alidhani anatekenywa, akacheka mpaka mate yakamtoka, na yule fundi akayapangusa kwa kiganja, akaendelea kuandika namba kwenye kipande cha mbao.

"Kitakuwa tayari Jumamosi," alimwambia Baba.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nikikumbuka sentensi hiyo najicheka. Alisema kitakuwa. Jeneza haliwi kitakuwa. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuling'amua hilo kwenye daftari la mazoezi, kwa kalamu nyekundu, na akapata vema. Lakini nani hukumbuka ngeli za nomino akiwa na hofu ya namna ile? Nilichokiona mimi ni seremala, futi kamba, na mabega ya mdogo wangu. Babu naye alipimwa mabega.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya nishindwe kula jioni ile. Wiki chache kabla, rafiki yangu wa darasani alikuwa na sherehe ya komunyo ya kwanza. Nilikuwa nimefuliwa gauni langu moja zuri, la njano. Nikiwa nimeshalivaa, Mama aliitwa kwa dharura na jirani mgonjwa, nikaambiwa nibaki na Stela kidogo tu. Kidogo ikawa mchana mzima. Nilipokuwa namlisha uji alikohoa, ukamwagika wote juu ya lile gauni. Nikasikia ngoma ya sherehe kwa mbali. Nikatoka uani, nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikamwambia Mungu kwa sauti: mchukue.

Sasa alikuwa anamchukua. Na wote walikuwa wanamsaidia, kwa unga, kwa kuni, kwa mbao, kwa sababu yangu.

Alhamisi mchana Mama alikwenda na wenzake kufanya usafi mahali fulani. Hakusema wapi, nami sikuuliza, maana nilidhani najua. "Mwangalie mwenzio," aliniambia. "Sichelewi."

Aliposhika njia tu, nikachukua kitenge chake kizee, nikamfunga Stela mgongoni kama nilivyomwona Mama akifanya mara elfu. Nikatia mihogo miwili ya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo, nikatia na kikombe chake cha plastiki, kwa kuwa alikuwa hanywi kwa kikombe kingine. Tungekwenda kwa Bibi. Bibi alikuwa mkali, hata padri alimwogopa. Nilijua akisema mtu hafi, hatakufa.

Kutoka Msamala hadi Lizaboni mtu mzima anatembea bila shida. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto wa miaka sita. Stela alikuwa mwembamba, lakini miguu yake ilikakamaa kwa pembeni kila alipofurahi, na siku hiyo alifurahi sana, kwa hiyo kitenge kililegea kila hatua kadhaa. Nilisimama, nikainama, nikamrusha juu kidogo, nikafunga tena. Watu walinitazama. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi aliniuliza, "We mtoto, mbona unabeba mzigo mkubwa kuliko wewe?" Nikamwambia nimetumwa.

Hatukufika hata nusu ya njia. Mvua ilianza ghafla, kubwa, ile ya Songea inayogeuza njia kuwa mfereji kwa dakika chache. Niliteleza, nikaanguka kwa magoti, Stela akiwa juu yangu. Nikatambaa mpaka kwenye baraza ya duka lililofungwa, nikamfungua, nikamlaza mapajani. Goti langu lilikuwa linatoka damu. Yeye alikuwa anasikiliza mvua kwenye bati, anacheka kwa sauti yake yote. Nikamwambia nyamaza, watatusikia. Hakunyamaza. Nikaanza kulia.

Akaja mtu anasukuma baiskeli, mbao mbili zimefungwa kwa mpira ubavuni. Akasimama. Nilimjua kabla hajainua uso.

"We binti," Fundi Ngonyani alisema, "si wa kwa Mama Stela wewe?"

Hata kwa hofu ile mdomo wangu ulitoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Unampeleka wapi mwenzio na mvua hii?"

Nikamkumbatia Stela kwa mikono yote miwili. "Usimchukue," nikasema. "Bado hajafa."

Fundi alibaki ameinama, maji yanamtiririka kutoka kwenye kofia. "Nani kasema anakufa?"

"Wewe. Ulimpima."

Watu wazima wengi wangecheka. Nimekuwa mtu mzima miaka mingi sasa na najua jinsi kicheko cha namna hiyo kinavyoponyoka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa mbele yetu, akalitazama goti langu, akamtazama Stela, akavuta pumzi.

"Karakana yangu iko hapo nyuma ya hiyo nyumba," alisema. "Njoo uone nilichopimia. Usipokipenda, mimi mwenyewe nitawapeleka unakotaka kwenda."

Akambeba Stela kifuani, akamfunika kwa koti lake, mimi nikafuata nimeshika mfuko wa mihogo. Nilifikiri, nikiliona jeneza nitalipiga teke.

Ndani ya banda kulikuwa na joto, maranda yametapakaa chini mpaka vifundoni. Katikati, juu ya gunia, kilisimama kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Kilikuwa na mgongo mrefu na mbao mbili ndogo kila upande wa kichwa. Mbele kilikuwa na meza ndogo ya kufunga na kufungua, chini ubao wa kukanyagia, na kiunoni mkanda uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli. Hakikuwa kimepigwa msasa bado.

Fundi alikunja koti lake, akaliweka juu ya ubao wa kukalia, akamkalisha Stela. Akafunga mkanda. Akasogeza zile mbao mbili mpaka zikagusa mashavu yake, akarudi nyuma hatua moja.

Stela alikaa.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuwa pale. Kwa miaka sita nilikuwa nimeuona uso wa mdogo wangu ukiwa umelala, au ukiwa umeangukia bega la Mama. Sikuwa nimewahi kuuona wima. Alikuwa na shingo ndefu. Alikuwa na kidevu cha Baba. Alinitazama macho kwa macho, sawasawa, akashangaa, kama mimi nilivyoshangaa. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Ni kiti cha shule," Fundi alisema. "Anakwenda shule Jumatatu. Ile shule ya watoto wenye mahitaji maalumu ilikuwa haiwezi kuwapokea wasioweza kukaa. Vitu vya kukalia havikuwepo, wala mtu wa kuwalisha. Sasa mimi natengeneza viti, mama yako na wenzake watalisha kwa zamu. Leo wako huko wanasafisha chumba. Hawajakwambia?"

Nikatikisa kichwa.

Akachukua msasa, akaanza kulainisha mkono wa kile kiti taratibu, bila kunitazama. "Halafu wewe," akasema, "umeona wapi jeneza lenye miguu minne?"

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka, na Stela akaona nacheka, akaanza naye. Fundi akatuacha hivyo. Akatupa mihogo yetu wenyewe tule.

Mvua ilipopungua alimbeba Stela, akaanza kuturudisha nyumbani. Hatukufika mbali, tukamwona Mama anakuja, peku, kilemba kimeanguka shingoni, anamuuliza kila mtu anayepishana naye. Alikuwa amerudi akaukuta mkeka mtupu. Hatimaye akatuona. Aliketi pale pale kwenye tope.

Nilijua nitapigwa. Fundi naye alijua, kwa sababu alimwambia kabla hajainuka, "Usimpige, mama. Alikuwa anamwokoa mdogo wake."

Jioni hiyo, Mama akisonga ugali, nilikaa karibu na moto na goti langu lililofungwa kitambaa. Alikuwa ameshanieleza yote. Walikuwa wamekataliwa na shule mbili miaka ya nyuma, na safari hii alikuwa ameogopa kulisema jambo kwa sauti, hata kwangu, lisije likavunjika tena. Aliniomba radhi. Sikujua kama wazazi huomba radhi. Pengine ndiyo maana na mimi nikasema. Nikamwambia kuhusu gauni la njano, na kamba ya nguo, na nilichomwomba Mungu.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nilitazama mkono wake, sikuthubutu kutazama uso.

"Na mimi niliwahi kuomba hivyo," Mama alisema. "Mara mbili."

Moto ulilia kidogo. Akaendelea kusonga.

"Na mara zote mbili, asubuhi nilikimbilia kusikiliza kama anahema. Nilipoona anahema nilimshukuru Mungu kwa kutonisikia." Akapakua ugali, akauweka mbele yangu. "Haya, kula. Tangu jana hujala, ulidhani sioni?"

Nilikula mpaka nikaishiwa pumzi. Sijawahi tena kula ugali mtamu namna ile, na mboga ilikuwa majani ya maboga tu.

Jumatatu walitusindikiza kweli. Baba alijitwika kiti kichwani. Mama alimbeba Stela. Mama Zuhura alibeba sufuria, wengine unga na kuni, nami niliruhusiwa kukosa vipindi viwili ili nibebe kikombe. Watu walisimama milangoni kututazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kumwona Stela, na Stela, akiwa na khanga yake mpya, aliwacheka wote bila ubaguzi.

Chumba kilikuwa stoo ya zamani iliyopakwa chokaa, bado mbichi, ukiigusa inakuachia weupe. Mwalimu Anastazia alikuwa mlangoni na viatu vyake vya tope. Ndani kulikuwa na watoto saba. Mmoja alikuwa mvulana wa rika langu, mwenye kichwa kikubwa na macho mazuri, na aliponyoosha mkono kunisalimia nikauliza anatoka wapi. Mama yake akanielekeza. Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nimecheza rede mbele ya dirisha lile maisha yangu yote, mpira wetu ulishaligonga mara nyingi, wala sikujua kwamba ndani kuna mtu anayetusikia.

Stela alikaa miaka tisa katika shule ile. Hakutembea, na hakuna aliyemwahidi kutembea. Alijifunza kushika kikombe kwa mikono miwili, kuonyesha picha ya anachotaka, na kuniita kwa sauti yake, herufi mbili tu za jina langu, ambazo mpaka leo ananiitia nikifika likizo. Zamu za kulisha hazikukatika. Akina mama wa kwanza walipozeeka wakaingia wengine, na baadhi yao hawana mtoto pale. Chumba kimekuwa vyumba vitatu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni saa ile ya kwanza ya Jumatatu ile. Mwalimu alimwambia Mama sasa aende, arudi adhuhuri. Mama alisimama mlangoni. Alimwita Stela mara moja, kwa sauti ndogo. Stela alikuwa amemkazia macho yule mvulana aliyekuwa anagonga meza kwa kijiko, hakugeuka.

Tukatoka. Mama yangu alikuwa mtu wa kukimbia. Sokoni alikimbia, kisimani alikimbia, kanisani alitoka kabla ya tangazo la mwisho, kwa sababu kila mara kulikuwa na mtoto aliyelazwa mahali akimsubiri. Mimi nilikuwa nimezoea kumfuata mbiombio, nikishika ncha ya khanga. Asubuhi ile nilianza kukimbia kama kawaida yangu, nikafika mbali, nikageuka. Alikuwa nyuma, katikati ya njia, mikono inaning'inia, anatazama milima ya Matogoro iliyokuwa imesafishwa na mvua.

"Mama, twende!"

"Polepole, mwanangu," alisema. "Leo hatuna pa kuwahi."